Barua kwa Mhariri: Mashabiki wa Linkin Park wasiharakishwe

Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita ulikuwa na makala kuhusu From Zero, albamu iliyoirudisha Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, miaka saba baada ya mwimbaji wao Chester Bennington kufariki. Mwandishi alidai kwamba wanaoikataa ni watu wa zamani wasiotaka kukubali kuwa nafasi ya mwimbaji sasa ameishika mwanamke. Nimeisoma mara mbili, na imeniuma.

Mimi ni wa hao wa zamani. Albamu naipenda, ndiyo ninayoisikiliza kwenye daladala asubuhi na jioni. Ila walioikataa nimekua nao, na kwa wengi wao uanamke wa Emily Armstrong, huyo mwimbaji mpya, haumo kabisa katika sababu zao. Wapo wenye ugonjwa huo, sikatai, na maneno waliyomrushia dada wa watu yanatia aibu. Lakini kuwatia wote kapu moja ni kuwaonea.

Mwaka 2003 ilipotoka albamu yao Meteora, mtaani kwetu hapakuwa na duka la CD halisi. Palikuwa na kijana mwenye kibanda cha kuchoma CD, na ile aliyotuchomea aliiandika juu kwa kalamu ya wino mzito, LINKING PARK, na herufi G ya ziada. Mpaka leo wapo wanaoiita hivyo. Mimi na kaka yangu tulikuwa tukisimamisha wimbo kila baada ya mstari, tunaandika tulichosikia kwenye kaunta buku, tunabishana hadi mama anatufokea. Chester Bennington alikuwa anaanza ubeti kama mtu anayeongea na nafsi yake, halafu kwenye kiitikio anapiga ukelele ambao tuni haimtoki hata kidogo. Sisi tulikuwa vijana wa kiume tuliolelewa kwa kuambiwa mwanaume halii. Yule alikuwa analia, na tulimwelewa kabla hatujayaelewa maneno yake.

Alijitoa uhai tarehe 20 Julai 2017, akiwa na miaka 41. Tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo wenzake waliandaa onyesho la kumkumbuka Hollywood Bowl, Los Angeles, na video yake iliwafikia mashabiki duniani kote. Walipofika kwenye wimbo wa Numb, mbele ya jukwaa ilisimama maiki peke yake, imemulikwa taa, nyuma yake hakuna mtu. Bendi ikapiga, watazamaji wakaimba wimbo wote. Niliitazama kwenye simu nimejifungia chumbani, na sijawahi kuitazama tena.

Kwa wengi wetu yale ndiyo yalikuwa matanga. Tofauti ni kwamba msiba wa nyumbani una utaratibu wake: kuna siku ya kuanua tanga, mjane anajua eda yake inakwisha lini, ndugu wanakaa kikao mambo yanasemwa. Shabiki hana kikao. Ilipita miaka saba, kisha tarehe 5 Septemba 2024 mtu akafungua simu na kukuta bendi imerudi, ina mwimbaji mpya, mpiga ngoma mpya, wimbo mpya, na albamu inatoka tarehe 15 Novemba. Hata habari njema, ikija kwa mkupuo namna hiyo, inamkuta mtu hajakaa sawa.

Kundi letu ni la watu sita. Wawili tuliipokea siku ileile. Mmoja anasema angesikiliza kwa moyo mweupe kama wangebadilisha jina. Mwingine amekwama kwenye habari ya mahakamani, kwamba Emily aliwahi kwenda kusimama na rafiki aliyekuja kutiwa hatiani kwa ubakaji. Emily alitoa taarifa akasema alikosea kumwamini mtu yule na hakuongea naye tena. Mimi nimeyapokea maelezo hayo. Rafiki yangu hajayapokea, na kwa uzito wa jambo lenyewe sina ulimi wa kumwambia amekosea. Wa tano yeye alilalamika tu kwamba nyimbo ni fupi. Wa sita nitamtaja baadaye.

Kuhusu jina nina neno. Bendi hii ilianza mwaka 1996 huko California ikiitwa Xero, na mwimbaji wake alikuwa Mark Wakefield. Mark alipoondoka ndipo Chester akaitwa kutoka Arizona, mwaka 1999. Kanda ya majaribio aliirekodi siku yake ya kuzaliwa, akaiacha sherehe yake mwenyewe. Yaani huyu tunayemlilia naye alikuja kushika nafasi ya mtu, akaishika hadi tukadhani alizaliwa nayo, na albamu yao ya kwanza, Hybrid Theory ya mwaka 2000, ikauza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani pekee. Jina From Zero linalirudia lile la kwanza kabisa. Sioni dharau kwa marehemu hapo. Bendi ya AC/DC walimpoteza mwimbaji wao Bon Scott Februari 1980, na Julai ya mwaka huohuo walikuwa wametoa albamu ya Back in Black na mwimbaji mpya, Brian Johnson. Linkin Park wamekaa miaka saba.

Albamu yenyewe ina nyimbo 11, na wa kwanza ni utangulizi wa sekunde chache tu. Jumla ni dakika 32 hivi; kwa foleni zetu inakwisha hata sijavuka Magomeni. Kwa hiyo mwenzetu wa tano ana hoja. Mimi nina malalamiko mengine: wimbo wa Two Faced umekaribiana mno na One Step Closer, wimbo wao wa zamani, kana kwamba wanatuonyesha kitambulisho tuamini kuwa ni wao. Na namkosa Rob Bourdon, mpiga ngoma wao wa zamani. Colin Brittain aliyeshika nafasi yake ana nguvu, hakosei, lakini sikio langu bado linamtafuta Rob.

Ila msikilizeni Mike Shinoda, mmoja wa waanzilishi wa bendi, kwenye wimbo wa The Emptiness Machine. Anaanza yeye ubeti wa kwanza peke yake, anaimba na kiitikio, taratibu, kama mwenyeji anayefungua mlango na kusogeza viti. Emily anaingia ubeti wa pili. Wangeweza kumrusha mbele tangu sekunde ya kwanza ili watu washtuke, hawakufanya hivyo. Mgeni alikaribishwa na mwenye nyumba, nasi tukiwa tunaona. Anapoingia, sauti yake ina mkwaruzo wake mwenyewe, wala haimwigi mtu. Kwenye Heavy Is the Crown anapiga ukelele mrefu wa pumzi moja, na watu wakakimbilia kuupima kwa saa na kuulinganisha na ule wa Chester kwenye wimbo wa zamani, Given Up. Huo upimaji ndio ninaoomba uachwe. Haumtendei haki aliye hai, na aliyekufa haumsaidii kitu.

Sasa nieleze kwa nini nimeandika barua hii. Tarehe 19 Mei 2017 ilitoka One More Light, albamu ya mwisho ya Chester. Magitaa yalikuwa yamepunguzwa, sauti laini, karibu na pop. Mashabiki wengi tuliisema vibaya sana. Mimi mwenyewe, siku ya pili tu, nilimwandikia kaka yangu kwamba hawa jamaa wameuza utu wao kwa ajili ya redio. Niliandika na mengine ambayo siyarudii hapa. Nilikuwa nimesikiliza nyimbo tatu. Miezi miwili baadaye Chester hayupo, na wimbo uliobeba jina la albamu ile, wimbo wa kuomboleza, ndio tukauimba tukimlilia yeye. Sisemi maneno ya mashabiki ndiyo yaliyomuua. Alipambana na sonona na uraibu kwa miaka mingi, na aliyasema hayo mwenyewe hadharani. Nasema kwamba maneno yangu yalikuwepo wakati yeye yupo, na sikupata nafasi ya kuyafuta. Ujumbe ule bado uko kwenye simu ya zamani ya kaka.

Ndiyo maana nikiona mtu amemaliza kuitukana From Zero kabla haijafika wimbo wa tano, moyo unanienda mbio. Na nikiona gazeti ninaloliheshimu limemaliza kuwahukumu waliokataa, napata hofu ileile. Wote wana haraka niliyokuwa nayo mimi.

Tarehe 31 Mei 2025 nilikuwa kibanda umiza kuangalia fainali ya Ligi ya Mabingwa, siku PSG walipoifunga Inter mabao matano kwa bila kule Munich. Kabla ya mpira kuanza, Linkin Park walipanda jukwaani. Rafiki yangu wa sita alikuwa kando yangu. Mbele yetu kijana mmoja, hata ndevu hajaanza kuota, akamwambia mwenzake, "Hii ndiyo ile bendi ya yule dada." Hakuwa na ubaya wowote, kwake ndivyo bendi hiyo ilivyo. Nikamtazama rafiki yangu, nikaona ameinamia soda yake. Hakuinuka wala hakusema neno hadi timu zilipotoka vyumbani.

Kabla hatujaachana usiku ule nilimpa flashi yenye albamu nzima. Aliipokea, akaiingiza mfuko wa shati. Juzi nilimuuliza, akanijibu bado hajaifungua. Nikamwambia haina neno, flashi haiozi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Dar es Salaam