Salamu za Noeli kwa wote tulioandikwa kwenye daftari la Babu

Tumsifu Yesu Kristo!

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wanajumuiya, na ninyi wadogo zangu popote mlipo, nawasalimu kwa jina la Mtoto aliyelazwa horini. Mimi na familia yangu tunawatakia Noeli njema yenye amani, afya na baraka tele. Walio safarini kwenda Moshi, Bukoba na Songea, Mungu awafikishe salama. Tuliobaki na joto letu la Dar, tuonane kwenye mkesha.

Mwaka umekuwa mgumu, hilo hakuna wa kumsimulia mwenzake. Mama anaingia sokoni Buguruni na noti ya elfu kumi, anatoka na kimfuko ambacho mtoto wa darasa la pili anakibeba kwa mkono mmoja. Mchele, mafuta, nauli, kila kimoja kimepanda kwa zamu yake. Pilau ya mwaka huu wengi tutaipika kwa kupima.

Na mwaka huu huu tumempoteza Babu.

Alikuja Tanzania akiwa padre kijana, akajifunza Kiswahili Makoko kule Musoma, akazeeka nacho Vingunguti. Zaidi ya miaka arobaini kazi yake ilikuwa ile ile: kuwatafutia wafadhili watoto ambao wazazi wao hawakuwa na pa kushika. Kila mtoto alikuwa na mstari wake kwenye kaunta buku jeusi: jina, mfadhili, ada, sare, viatu. Mwezi Januari alitupanga foleni kwenye veranda ya parokia, anatandika karatasi sakafuni, unavua ndala, unakanyaga, naye anapiga magoti anazungusha penseli kufuata mguu wako. Kisha anaandika jina lako katikati ya unyayo. Makaratasi yale aliyakunja, akaenda nayo Kariakoo mwenyewe. Alisema mguu wa mtoto haukai, kwa hiyo namba ya mwaka jana haimsaidii mtu.

Novemba ilikuwa zamu ya barua za wafadhili. Sharti lilikuwa moja: usiombe kitu, eleza unavyoendelea. Nikiwa kidato cha pili niliandika kwamba nimekuwa wa tatu darasani. Babu akaisoma, akanirudishia. "Huyu mama anafagia ofisi za watu usiku ili wewe usome. Mwandikie ukweli." Nikaandika upya kwamba nilikuwa wa arobaini na moja. Ada ya mwaka uliofuata ililipwa vilevile, na viatu vikaja.

Alipotupeleka Bagamoyo alitusimamisha kwenye makaburi ya wamisionari, akatusimulia habari za Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika pale mwaka 1868 na watoto waliokombolewa utumwani wakalelewa misheni. Sehemu ya fedha za kuwatunza, alisema, zilikuwa senti za watoto wa Ulaya, zilizokusanywa na Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843. "Mimi si wa kwanza," alituambia, "na hela si zangu." Nilikuwa mdogo, nikadhani anajishusha tu. Leo naona alikuwa anatupa hesabu ya kazi.

Noeli iliyopita, akiwa amesharudishwa kwao kwa ajili ya ugonjwa, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Dakika mbili na kidogo, pumzi inakatika. Aliwauliza watoto mmoja mmoja, na mwisho akauliza: "Yule wa mama muuza vitumbua, sasa anavaa namba ngapi?" Nilikuwa nakatakata vitunguu, wageni wamejaa sebuleni. Nikasema nitamjibu nikitulia. Februari ikaja tanzia. Ujumbe ule bado ninao, sijaweza kuufuta. Babu, anavaa namba arobaini na mbili. Anasomea uuguzi.

Ndugu zangu, wapo wanaosema ufadhili umepitwa na wakati, kwa sababu ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Tunashukuru, ni mzigo mkubwa uliotuliwa. Lakini mtoto anayeanza kidato cha kwanza Januari haendi na ada peke yake. Anahitaji sare, viatu, madaftari, nauli ya kwenda na kurudi, na kitu tumboni saa saba mchana. Wale wafadhili wa zamani wamezeeka, wengine wametangulia mbele ya haki. Sasa tunamsubiri nani? Tunakaa vikao vya harusi miezi minne, tunachangia sendofu na kicheni pati bila kukosa, kadi ya mchango ikifika tunakopa. Tulisomeshwa na mama mfagiaji, halafu sisi wenye mishahara tunasema hali ngumu? Hali ilikuwa ngumu kwake pia. Bwana wetu alizaliwa kwa wasio na pa kulala. Hatuwezi kumbusu pangoni usiku na kumpita mlangoni asubuhi.

Majirani zetu Waislamu mliokuja kukaa nasi siku ya misa ya kumwombea, na sinia zenu za chakula, Mungu awalipe. Sahani zenu za Noeli ziko pale pale.

Tarehe 28, Sikukuu ya Watoto Mashahidi, baada ya misa ya kwanza, meza itakuwa chini ya mwembe. Mama mweka hazina ameshanunua kaunta buku jipya, na watoto ishirini na mmoja wanasubiri kupimwa miguu. Mwenye penseli aje nayo.

Heri ya Noeli na baraka za Mwaka Mpya kwenu nyote.