Mdogo wangu, mwanao hakuwa hausigeli wangu

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, meseji unasoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa njiani wanapopita watu. Utaona aibu. Na mimi naiona.

Nianze na siku ile. Umesimama mlangoni kwangu, hata viatu hujavua, umembeba mtoto wa miaka 7 kama wa miezi 7, miguu yake inaning'inia mpaka magotini kwako. Bajaji inanguruma nje. Ukasema, majirani wakisikia: "Mwanangu si hausigeli wako." Begi lake nilikuwa nimelishika mimi. Kuungua kwake nimeshajilaumu hadi nimechoka, lakini neno hilo bado limenikaa kooni.

Hausigeli! Kwani sisi tulilelewa na nani? Ulipofika miaka 6 Mama alikupa kidumu chako cha lita 3, kile cha mafuta ya kula chenye kamba ya katani. Siku usipopelekwa bombani ulilia. Nusu ya maji uliyamwaga njiani, Mama akakipokea kidumu kwa mikono miwili, akabandika chai papo hapo, akasema maji ya leo ni matamu. Umesahau?

Mwanao alikuja likizo ya Juni hajui kufunga kamba za viatu. Sikusemi. Kwako dada wa kazi anamvisha soksi huku yeye anatazama katuni. Wiki ya kwanza nilimpa kuchambua mchele. Akatoa mawe matatu, akayapanga dirishani, na ole wake atakayeyagusa. Ya pili akafua soksi na chupi zake, akafagia uwanja kwa fagio la chelewa. Kufagia kwenyewe ilikuwa kuchora barabara za magari mchangani. Nikamwacha. Ukimpokonya mtoto fagio kwa sababu kaacha taka pembeni, kesho hatalishika. Mshukuru, ungoje alale, ndipo ufagie tena. Mama ndivyo alivyotufanyia, nami niliyajua hayo nikiwa nimeshaolewa.

Chai aliiomba mwenyewe. Nilimwonyesha kuponda tangawizi kwenye kinu kidogo, kutia majani maji yakishachemka, kushika sufuria kwa tambara kavu maana lenye unyevu hupitisha moto. Kuepua, nikamwambia, ni kazi yangu. Nilimwambia. Na nilikuwa pale pale mlangoni.

Sikuwa mlangoni. Nilikuwa kwa jirani tunahesabu hela za kikoba, nikasikia mfuniko ukianguka. Alitaka nikirudi nikute chai mezani.

Mkono wake niliuweka kwenye maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kwa saa ya ukutani, jirani ananipigia kelele nipake dawa ya meno. Sikupaka. Daktari alisema yale maji yamesaidia sana. Ulikuwepo, ukageuza uso.

Usiku ule nilitafuta la kukujibu mpaka nikafika kwenye Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990. Ibara ya 31: mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa zake, na kuwasaidia wanapohitaji. Nikaona nimekupata. Nikaanza kukuandikia, kwa herufi kubwa zote. Kumbe nimeruka maneno ya mwanzo, yale yanayosema wajibu huo ni kwa kadiri ya umri wake na uwezo wake. Nikafuta.

Jiko la mkaa si la mtoto wa miaka 7 asiye na mtu mzima kando. Hapo umenishinda. Lakini soksi ni zake, sahani aliyolia ni yake, kitanda alichokilalia ni chake, na hayo hayaunguzi. Wewe ulimkataza yote kwa pamoja, hata mchele, eti mpaka akue. Atakua na nini?

Haya, Mjomba kaniambia. Sasa ana miaka 10, wageni wakija kwako anawapikia chai mwenyewe, nawe unakaa pale unasifiwa umemlea vizuri. Sina neno. Ila Mjomba anasema siku hizi tangawizi mnaikwangua kwenye kikwangulio. Mwambie Mama mkubwa kasema inapondwa, na maganda yake.