Barua kwa mwanangu: meli inayojua kutulia

Mwanangu mpendwa,

Katika barua yako uliniuliza kama meli yetu ya utafiti ina mbio kuliko meli za abiria. Mbio haina. Mwendo wake wa kawaida ni maili 10 hadi 12 za baharini kwa saa, na wala hakuna anayelalamika, kwa maana uwezo wake mkubwa ni ule ambao watu hawauulizi: uwezo wa kusimama.

Kusimama juu ya maji yenye kina cha mita 4,000 si jambo dogo, mwanangu. Nanga haitusaidii hapo, upepo unasukuma ubavuni na mkondo unavuta kwake. Kompyuta husoma kwa setilaiti mahali tulipo, kisha huziamuru rafadha, yaani propela, za tezi (nyuma) na zile za omo (mbele) zisukume kidogo huku na kidogo kule, hata chombo kikabaki palepale kwa saa nyingi, kikichepuka mita chache tu.

Pasipo utulivu huo nisingeweza kuifanya kazi yangu ya winchi, mashine inayoteremsha na kupandisha vitu kwa waya. Ninachokiteremsha ni fremu ya chuma ya mviringo, iliyozungukwa na chupa 24 ndefu zilizo wazi juu na chini, pamoja na vihisio vinavyopima joto, chumvi na kina. Waya hufunguka takriban mita 60 kwa dakika, kwa hiyo kuikaribia sakafu ya bahari huchukua zaidi ya saa nzima, na muda wote huo jicho langu haliondoki kwenye kipimo cha mvuto wa waya, kwani wimbi moja kubwa laweza kuulegeza na kisha kuukaza ghafla ukakatika. Vipimo hupanda kupitia waya huohuo, na wanasayansi huvisoma papo hapo. Wakati wa kupandisha, hubonyeza kitufe na chupa moja hujifunga katika kina walichokichagua, ikatuletea maji ya pale na si ya penginepo.

Tena meli hii inasikia. Sauti hukimbia baharini takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mlio wetu huifikia sakafu na kurudi kwa sekunde tano na kitu. Sona iliyo chini ya meli hutoa miale mingi ya sauti kwa pamoja, ikatandazika kama upepeo, na kila tupitapo tunachora ukanda mpana wa milima na mabonde. Kwa ajili hiyo injini zetu zimekalishwa juu ya mipira inayomeza mtetemo, maana kelele zetu wenyewe zingetuziba masikio.

Zamani mabaharia walitia bildi: chubwi, yaani kipande kizito cha risasi, hufungwa kwenye kamba, ikateremshwa, na pima zikahesabiwa. Meli ya Uingereza iitwayo Challenger, iliyosafiri kuanzia 1872 hadi 1876, ilipima hivyo, na mwaka 1875, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, kamba yake ilishuka pima 4,475, yaani zaidi ya mita 8,000. Nawastahi sana watu wale: kazi yote ile, na walichopata ni kina cha nukta moja! Meteor ya Ujerumani, kati ya 1925 na 1927, ilitumia mwangwi na kupima makumi ya maelfu ya nukta katika Atlantiki ya Kusini. Hata hivyo, mpaka sasa ni takriban robo tu ya sakafu ya bahari zote iliyopimwa kwa sona za kisasa, na hilo huniuma kila ninapoona meli ya namna hii imefungwa gatini kwa kukosa fedha za safari.

Maabara, kreni na neli za kuchotea mashapo nitakuonyesha kwa picha.

Kile kikombe cha plastiki ya povu ulichokiandika jina lako kabla sijaondoka, nilikitia wavuni nikakifunga kwenye fremu. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaolingana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, nacho kimeshuka mita 4,000. Kimerudi kikiwa kidogo na kigumu, herufi zako zimesongamana, lakini jina linasomeka lote. Nimekifunga ndani ya kitambaa, kimo humu bahashani.

Mama yako akupendaye