Uhuru wa kwenye sahani

Isevya, Tabora

Mwanangu Shija,

Sisi huku hatujambo, ni joto tu, na maembe yanayodondoka juu ya bati usiku kucha. Tangu ulipokata simu Jumapili neno lako limenikaa kooni. Ati Tanganyika iliandaliwa uhuru kwenye sahani. Uliniudhi, kisha nikakumbuka kwamba babu yako alikuwa akisema karibu hayohayo, tena kwa ukali kuliko wewe.

Januari 1958, wajumbe wa TANU walipokuja Tabora kwenye mkutano mkuu, babu yako alikuwa mchukuzi pale stesheni. Mizigo yao aliibeba kichwani. Ugomvi ulikuwa kura tatu: mkoloni alitaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususia, na babu yako alikuwa upande wao. "Nimpe Mzungu kura kwa mkono wangu huu?" Alituuliza hivyo hata sisi watoto, huku kaunyoosha tuuone, na kidole kimoja kimepinda kwa kubanwa na sanduku.

Sasa sikiliza kituko. Ili upige kura ilikupasa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au cheo. Babu hakuwa na hata kimoja. Alinuna maisha yake yote kwa karatasi ambayo asingepewa!

Nyerere ndiye aliyewageuza. Hoja yenyewe, kwa ufupi: tukisusa, viti watavikalia UTP, chama kilichobebwa na Gavana Twining, na sheria zitakazofuata watazitunga wao. Wakakubali kuingia; ndio huo Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake, nami simwoni mjinga hata kidogo, maana lile sharti lilikuwa tusi. Ila TANU ililimeza, ikawatafuta Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono, na uchaguzi ulipomalizika Februari 1959, UTP ilikuwa imekwisha.

Mwaka huohuo wa 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la chama. Faini pauni 150 au jela miezi sita. Ndiyo, 150 zilezile. Angeweza kwenda jela akatoka shujaa, nawe leo ungeyaita hayo mapambano. Akalipa. Gavana mpya, Turnbull, ndio kwanza alikuwa amewasili, na nadhani mzee aliona wa kuzungumza naye kapatikana.

Kwa hiyo Machi 1961, Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipotoka London kuja kwenye mkutano wa katiba ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, mazungumzo yalichukua siku chache tu. Wakapanga 28 Desemba, baadaye ikawahishwa ikawa tarehe 9 ya mwezi huohuo. Wewe umekuta sahani mezani, jikoni hukuingia.

Asali nimekufungia lita tano, mfuniko nimeuzungushia nailoni. Usiilaze kwenye basi.

Niliwahi kumuuliza babu yako usiku ule bendera ilipopandishwa alikuwa wapi. Zamu, stesheni. Nikamuuliza alijisikiaje. Akasema treni ya Kigoma ilichelewa.

Mama yako