Mwenye homa ya ini aambiwe aache pombe kabisa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna jambo linaniuma sana, mtu anapimwa anakutwa na homa ya ini B au C halafu anaambiwa apunguze pombe, basi, hakuna anayemwambia apunguze mpaka wapi.

Mdogo wangu alienda kuchangia damu, baadae wakamwita wakamwambia ana B. Hana dalili hata moja, anakula vizuri, kazini anaenda, kwa hiyo Ijumaa washkaji wanamwambia bia mbili tu mzee hazina shida. Jamani bia mbili si kidogo! Chupa ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe tupu, na WHO kipimo chao cha kinywaji kimoja ni gramu 10, maana yake kwenye hizo mbili tu kashakunywa vinne. Kile kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 ndo balaa, kina kama gramu 55.

Sasa ini la huyu mtu tayari lina vita na kirusi, linaumia linajitibu linaumia tena, miaka inapita huku makovu yanajijenga ndani kwa ndani, na pombe ikiingia inasagwa na ini hilohilo na katika kuisaga inatoka sumu nyingine inayoliumiza. Ndo maana wanaokunywa makovu yanawahi na saratani ya ini inawanyemelea zaidi. Kinachodanganya watu ni kwamba ini haliumi mapema, mpaka tumbo lijae maji na macho yawe ya njano muda umeshaenda.

Hata dawa watu wanazielewa vibaya. Za C zinatibu wengi wakapona kabisa ndani ya wiki 12, ila makovu yakishakomaa kupona kirusi hakukupi ruhusa ya kurudi baa. Za B kama tenofovir zinakituliza kirusi tu, hazikiondoi.

Kwa mwenye homa ya ini hakuna kiwango cha pombe kilichothibitishwa kuwa ni salama, kwa hiyo madaktari na manesi wetu nawaomba mseme ACHA, mtamke hivyohivyo siku ya majibu na mke au mume akiwepo asikie. Na nyie mnaomnunulia, mkishajua ana homa ya ini muagizieni soda au maji na msimuulize ulize kwa nini hanywi.

Msomaji wenu, Morogoro