Dawa za saikosisi na kolestro ya ubongo

Mhariri, watu wakisikia kolestro wanawaza moyo tu, kumbe ubongo ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili unabeba karibu robo ya kolestro yote, tena unajitengenezea wenyewe maana ile ya kwenye damu haivuki kuingia huko. Kolestro hiyo ndo inashikilia utando wa seli za neva, pale pale vinapokaa vipokezi vya dopamini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva) ambavyo dawa za saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo kweli, dawa kama haloperidoli, zinavizuia ili zile sauti zipungue. Sasa kitu ambacho wengi wetu tunaouguza hatuambiwi, baadhi ya dawa hizi, haloperidoli na aripiprazoli zikiwemo, zinabana pia kimeng'enya kinachomalizia kutengeneza kolestro ndani ya seli, na utando ukibadilika hata mawasiliano ya neva yanaweza kubadilika. Halafu nyingine kama klozapini na olanzapini zinapandisha uzito na mafuta ya damu! Sisemi mtu aache dawa, akiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi vibaya sana, ila jamani madaktari, pimeni mafuta ya damu kabla ya kuanza dawa na mara kwa mara baadaye, na mtuelezee.

Msomaji wenu