Moduli ya umeme ikiwaka haijathibitisha kuwa ni salama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie moduli ndogo za kugeuza umeme, zile bodi za bei rahisi zinazoagizwa kutoka nje, ambazo sisi mafundi huzifunga ndani ya taa, kamera za ulinzi, chaja na vifaa vingine vingi. Mazoea yetu ni kuichomeka moduli, kuipima kwa mita, na ikitoa volti zilizoandikwa tunaihesabu kuwa nzima. Naamini mazoea hayo ni ya hatari, kwa sababu mita haioni mahali ambapo uhai wa mtumiaji umeshikiliwa.

Hivi karibuni niliifungua moduli iliyoandikwa volti 12, ampea 2, baada ya mteja kulalamika kwamba akigusa bati la kifaa chake umeme unamtekenya. Kwenye mita ilitoa volti 12.1, bila kasoro yoyote. Nilipoigeuza bodi na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona kwamba njia za shaba za upande wa umeme mkubwa na zile za upande wa umeme mdogo zimekaribiana kiasi cha kutofika milimita 2, na katikati ya pengo hilo jembamba kulikuwa na kitone cha risasi ya kulehemu kilichobaki tangu kiwandani. Kapasita ya buluu (kijenzi cha kuhifadhi chaji) iliyounganisha pande hizo mbili haikuwa na alama ya Y1 wala Y2, zinazoonyesha kapasita ya usalama; ilikuwa kapasita ya kawaida tu.

Niseme kwa haki kwamba kutekenywa kidogo hutokea hata kwa adapta nzuri isiyo na waya wa ardhi, kwa kuwa kapasita hiyo hupitisha mkondo mdogo sana. Tofauti ni kwamba kapasita ya Y1 imetengenezwa ili ikifa isipige shoti, ilhali ya kawaida haina dhamana hiyo. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa, yaani kugeuzwa kuwa DC, umeme wa mkondo mmoja, hufikia karibu volti 325, na kinachoutenganisha na mkono wa mtu ni pengo lile, kapasita ile, optokapla (chipu inayopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme wa pande hizo) na uzio wa nyaya ndani ya transfoma. Kimoja kikishindwa, bati lote la kifaa hubeba umeme unaoua. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 62368-1 hudai, kwa umeme wa kiasi hicho na bodi za kawaida, umbali wa milimita 5 hivi juu ya uso wa bodi kati ya pande hizo, na watengenezaji makini huongeza zaidi na kukata mwanya chini ya optokapla. Haya yote yanaonekana kwa macho, mradi moduli imechomolewa na kapasita yake kubwa imemaliza chaji. Fyuzi nayo itafutwe hapohapo, kwani katika bodi nyingi nafasi yake imezibwa kwa kipande cha waya.

Baada ya macho, ifuate kazi. Moduli ya volti 12 na ampea 2 ipewe rezista ya omu 6 inayohimili wati 50, iachwe saa nzima, kisha ipimwe joto. Joto likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita za elektroliti hupungua kwa takriban nusu. Kapasita iliyoahidiwa saa 2000 kwa nyuzi 105, ikifanyishwa kazi kwenye joto hilohilo bila kuzimwa, haimalizi miezi mitatu.

Moduli za kushusha volti za DC hazina hatari ya kuua kama hizo, lakini nazo zina udanganyifu wake. Chipu halisi ya LM2596, inayoshusha volti katika moduli hizo, huwasha na kuzima umeme kwa kilohezi 150 (mara 150,000 kwa sekunde), na zipo za bandia zenye jina hilohilo ambazo kwenye osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, huonyesha kilohezi 50 hivi. Ikifa kwa shoti, hupeleka volti zote za kuingilia kwenye kifaa cha volti 5.

Wapo watakaosema kwamba alama ya CE, ile ya kudai bidhaa imetimiza masharti ya Ulaya, inatosha. Kwa bidhaa nyingi alama hiyo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, na kuichapa kwenye karatasi hakugharimu chochote. Wapo pia watakaosema mteja hana fedha ya kununua ya bei kubwa, na hilo nalijua vizuri, kwa maana mimi mwenyewe hununua za bei rahisi. Katika hizo zipo nzuri, na ndiyo sababu zinastahili kukaguliwa. Ninachowaomba waagizaji na wauzaji ni kukubali moduli moja ya kila shehena ifunguliwe mbele ya mnunuzi kabla ya malipo. Na kwa mafundi wenzangu, muuzaji akikataa ifunguliwe, tusiifunge katika kifaa cha mtu.

Wako,
Fundi wa vifaa vya elektroniki